Kitanda Unachokishonea si Chako

(Hotuba kwa mafundi wa cherehani, Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wenzangu habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie kwilti za viraka, yale matandiko ya kitanda ya pande mbili yanayoshonwa kwa vipande vya vitambaa, hasa zile za kuagizwa. Mteja anakuja na picha kwenye simu, anasema fundi nataka kama hii, ya kitanda changu, iendane na chumba changu. Kazi hizi zimeongezeka. Zamani vipande vya vitenge vilivyobaki chini ya meza tulivifanya foronya, au kitambaa cha kufutia miguu mlangoni. Leo kuna watu wanaolipa hela nzuri kwa kitu kilichoshonwa kwa vipande hivyohivyo, ila wanataka kifanane na nyumba zao. Hapo ndipo tunapogombana nao.

Neno ninalolisikia sana kwenye vibanda vyetu ni hili: "Mteja yule hana ladha." Anataka kijivu. Anataka kijivu na krimu, na wenzake wote wanataka kijivu na krimu, wakati fundi ana kabati limejaa vitenge vya njano, vya chungwa, vya damu ya mzee, na mkono unamwasha. Basi anashona anachokipenda yeye. Mteja anaipokea kwa tabasamu la adabu, anailipia, anaikunja, anaiweka juu ya kabati. Haitandiki. Harudi, na wala hakwambii kwa nini. Mimi nasema yule mteja ladha anayo. Ila hakuna fundi aliyekwenda kwake kuiangalia.

Nitakalolisema leo ni hilo tu, na mengine yote yanalizunguka: ladha ya mtu usiiulize mdomoni mwake, nenda ukaisome ndani kwake.

Ukimuuliza mtu "unapenda rangi gani?" atakujibu haraka, na jibu lenyewe halina maana. Atakutajia rangi ya gauni alilovaa kwenye harusi ya juzi. Atakwambia "napenda zambarau" na nyumba nzima haina hata kijiko cha zambarau. Hadanganyi. Hajawahi kulazimika kufikiri juu ya rangi kwa maneno, maana yeye anafikiri kwa kununua. Kwa hiyo angalia alivyonunua. Mwombe uende kwake kupima kitanda, na ukifika usitoe futi kwanza. Kaa. Kunywa chai utakayopewa. Angalia pazia, maana pazia ni kitambaa kikubwa kuliko vyote chumbani na kwilti yako italala mbele yake kila siku. Angalia ukuta: nyumba zetu nyingi zina rangi ya mafuta kuanzia chini hadi kiunoni, na ile ya chini ndiyo itakayogusana na kitanda. Angalia dari. Siku hizi kuna jipsam yenye taa za rangi zimezungushwa pembeni, bluu, zambarau, na akiziwasha usiku krimu yako inakuwa kitu kingine kabisa. Mwambie aziwashe mchana huohuo, afunge pazia, uone.

Halafu neti. Sijui kwa nini hakuna anayeitaja neti. Picha wanazotuletea kwenye simu zimepigwa kwenye nyumba zisizo na mbu, kitanda kiko wazi, kwilti imeteremka pande zote hadi karibu na sakafu. Sisi tunalala ndani ya neti, na neti inachomekwa chini ya godoro. Kwilti yenye mteremko mrefu itakusanywa na kusukumwa ndani kila jioni, na yale mapambo uliyoyahangaikia pembezoni hakuna atakayeyaona. Tena neti yenyewe ina rangi. Ikiwa ya bluu na inafungwa fundo juu ya kitanda kutwa nzima, basi bluu imo chumbani, mteja apende asipende, na kazi yako ni kuipa mwenzake kwenye viraka ili ionekane imekuja kwa makusudi. Robo mita ya kitambaa cha bluu hiyohiyo inatosha. Nimeona wateja wakishindwa kueleza kwa nini chumba kimetulia ghafla.

Swali moja linafaa kuulizwa, nalo ni hili: "Mama, kama ningekwambia utoe kitu kimoja humu ndani leo, ungetoa nini?" Hapo utasikia ukweli. Atakuonyesha ua la plastiki aliloletewa na wifi yake, au shuka la maua makubwa. Umejua asichokitaka, na asichokitaka mtu ndiyo nusu ya ladha yake.

Sasa tuseme umesoma chumba. Ni chumba tulivu, kijivu na maziwa, na mteja amekuja kwako, fundi wa vitenge, kwa sababu anataka kitu cha kwetu ndani yake. Anataka kitenge lakini hataki kelele. Hapa vijana wengi wanakwama, wanadhani wachague moja. Haihitajiki.

Kinachopiga kelele kwenye kitenge mara nyingi si rangi. Ni ukaribu wa kilicho cheupe sana na kilicho cheusi sana, pamoja na ukubwa wa ua. Panga vipande vyako mezani, piga picha kwa simu, kisha geuza picha iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zote zimeondoka, umebaki mwanga na giza. Ukiona vipande vinarukaruka, hiki cheupe pe, hiki cheusi ti, mteja wako hatalala. Ukiona vinakaribiana, unaweza kuweka chungwa, unaweza kuweka hata damu ya mzee, na chumba hakitashtuka. Simu hiyohiyo waliyokuletea picha nayo, itumie.

La pili ni ua. Kitenge chenye ua la ukubwa wa sahani ukikikata vipande vya inchi tatu umeua ua na umepata fujo: huku nusu ya jani, kule kona ya duara. Mwachie ua nafasi. Kata inchi kumi na mbili, liweke katikati, lizungushie kitambaa kisicho na maua. Kwa chumba kitulivu, kitenge kimoja kwa vitambaa viwili vitupu kinatosha. Na kuna ujanja wa kanga ambao wakubwa waliopo hapa wanaujua: kanga nyingi upande wa ndani umefifia kidogo. Ukiigeuza unapata rangi ileile iliyolainika, na haikugharimu kitu. Kitenge cha wax hakikupi nafasi hiyo, pande zote mbili ni sawasawa.

Kwa kuwa nimetaja kanga: ukiletewa kanga ya marehemu mama yake mtu, usiguse mkasi kabla hamjakubaliana kuhusu jina. Mji ukate, pindo likate ukiruhusiwa, lakini yale maneno muulize. Wengine wanataka yakae mazima kichwani pa kitanda. Wengine hawataki kabisa yasomwe, kwa sababu zao, na usiulize zaidi.

Naomba sasa niwapeleke mbali kidogo, Marekani, jimbo la Alabama. Siwapeleki huko kwa sababu wao ni walimu wetu. Nawapeleka kwa sababu tatizo letu hili wao walilipata kwa ukubwa wake wote.

Kwenye mto wa Alabama kuna kona ambako mto unajipinda karibu uzunguke, panaitwa Gee's Bend. Wanaoishi pale ni watu weusi, wajukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba ya palepale. Wanawake wao walishona kwilti kutokana na nguo za kazi zilizochakaa, magoti ya jinzi, magunia ya unga, ili watoto wasife baridi kwenye nyumba za mbao zenye nyufa. Hakuna aliyewapangia rangi. Walikata kwa macho, mistari ikapinda, na hakuna aliyeona kosa.

Mwaka 1965 Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, alifika Gee's Bend, watu wakawa wanajiandikisha kupiga kura, na baadhi yao walifukuzwa kwenye ardhi na kazi zao kwa sababu hiyo. Mwezi Desemba mwaka huohuo kasisi mmoja wa Kiepiskopali, Francis X. Walter, akipita barabara za Wilcox, wilaya ambamo Gee's Bend imo, aliona kwilti tatu zimeanikwa kwenye kamba. Akapata wazo la kuzinunua, dola 10 kila moja, na kuzipeleka New York zikanadiwe. Mwaka 1966 wanawake wakaunda ushirika, wakauita Freedom Quilting Bee. Kwilti zikawafikia wapambaji wa nyumba za matajiri, zikaingia dukani Bloomingdale's.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo mteja alipoanza kusema anachotaka. Duka haliwezi kuuza kitu ambacho kila kimoja ni cha aina yake. Mnunuzi akiona kwilti dukani, anataka atakayoletewa nyumbani iwe kama hiyo. Kwa hiyo mifumo ikapunguzwa ikabaki michache, vipimo vikawekwa, rangi zikapangwa zifuatane na vyumba vya wenye nyumba huko mjini, mshono ukakaguliwa. Mwanamke aliyezoea kukata kwa jicho akapewa kielelezo. Mwaka 1972 ikaja kazi kubwa zaidi, mkataba na kampuni ya maduka ya Sears wa kushona foronya za mapambo za kodrai, kile kitambaa kizito chenye mistari iliyoinuka. Hata viraka havikuwemo tena. Foronya moja, na nyingine, na nyingine, zote sawa.

Kuna wanaolisimulia hili kwa masikitiko, kwamba sanaa iliuzwa. Mimi siwezi kusema hivyo mbele ya watu wanaolipa kodi ya fremu. Wanawake wale walipata fedha taslimu mkononi mahali ambapo kibarua pekee kilikuwa shamba la mtu. Walijenga jengo lao la kushonea mwaka 1969, wakalipa jina la King. Ushirika ule uliendelea hadi mwaka 2012. Nani kati yetu ana ushirika wa miaka 46?

Lakini sehemu inayonifurahisha zaidi ni mabaki. Kodrai ya Sears ilikuwa na rangi zilizotamba kwenye sebule za Wamarekani za miaka ile, kijani cha parachichi, rangi ya dhahabu, nyekundu ya matunda. Vipande vilivyobaki wanawake walivichukua nyumbani. Na usiku, kwa ajili ya vitanda vyao, walishona walivyotaka. Kwilti za kodrai za Gee's Bend za miaka ya sabini ni katika kazi nzuri kabisa nilizowahi kuziangalia, ingawa nimeziona kwa picha tu. Rangi zilichaguliwa na mtu mwingine kwa ajili ya sebule ya mtu mwingine, nao wakazifanya zao. Mwaka 2002 kwilti za kijiji kile zilitundikwa kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Houston, kisha kwenye makumbusho ya Whitney, New York. Mwaka 2006 serikali ya Marekani ikazitoa kwenye stempu za posta, stempu kumi.

Kwa hiyo kijana akiniambia kwamba kumshonea mteja anachotaka kunaharibu mkono wake, namuuliza: mabaki unayafanyia nini?

Wako ndugu zetu wengine ambao wanalijibu swali hili kwa njia yao. Kule India, jimbo la Karnataka, wapo Wasiddi, watu wenye asili ya Afrika ambao wazee wao walivushwa Bahari ya Hindi. Wanawake wao wanashona kwilti zinazoitwa kawandi. Hawaanzi katikati kama sisi. Wanaanza pembeni, wanazunguka kwa sindano ya mkono wakielekea ndani, kiraka baada ya kiraka, mpaka wakutane katikati. Na kwenye kona lazima liwepo ua dogo la kitambaa kilichokunjwa pembetatu, wanaliita phula. Kwao kawandi isiyo na phula iko uchi. Mnunuzi achague ukubwa atakao, ua lile la kona ni la mshonaji. Nawashauri kila mmoja wenu awe na la kwake, dogo, lisilogombana na chumba cha mtu.

Turudi nyumbani, kwenye jambo linalonisumbua kuliko rangi: mteja ni nani?

Kazi nyingi za kwilti kubwa kwetu zinatoka kwenye sendofu na kicheni pati. Inakuja kamati. Mwenyekiti ana ladha yake, mweka hazina ana bajeti yake, shangazi wa bi harusi anasema iwe nyekundu kwa sababu nyekundu ndiyo ya mahaba, na bi harusi mwenyewe hajulishwi kwa kuwa ni zawadi ya kushtukiza. Watu sita wanachagua, na hakuna hata mmoja wao atakayelala pale. Ukimsikiliza mwenye pochi, umemshonea mwenye pochi.

Mimi huiambia kamati hivi, kwa heshima: "Mama zangu, rangi za ukumbi ni zenu, za chumbani ni zake. Nipeni rafiki yake mmoja wa karibu." Rafiki atakuletea picha za simu, za bi harusi akiwa chumbani kwake siku za kawaida, si za sherehe. Nyuma yake kuna shuka, kuna ukuta, kuna mkoba umetundikwa. Inatosha. Na kama kamati imeshikilia nyekundu yao, iweke upande wa chini. Kwilti ina pande mbili. Ukumbini itafunguliwa upande wa nyekundu, watu watapiga vigelegele, na nyumbani itageuzwa.

Kwa wale walioolewa ukweni mambo yana ugumu zaidi, maana chumba ni cha bi harusi lakini nyumba ni ya mama mkwe. Sina dawa ya hilo. Kaa kimya, shona kijivu.

Vipimo nitavipitia haraka kwa sababu wengi mnavijua. Usiamini mtu akikwambia "ni tano kwa sita". Pima godoro, na zaidi ya yote pima unene wake. Godoro la futi tano kwa sita ni inchi 60 kwa 72. Likiwa na unene wa inchi 8, na unataka kwilti ishuke inchi 4 chini yake, unaongeza 12 kila upande na 12 miguuni, kichwani huongezi. Unapata 84 kwa 84, mraba, viraka saba kwa saba vya inchi 12. Kila kimoja kikate 12 na nusu, mshono robo inchi. Na hiyo robo iwe robo. Ukizidisha thumuni ya inchi tu kila upande wa mshono, kwenye mishono sita ya safu moja umepoteza inchi moja na nusu, na safu ya jirani iliyoshonwa na msaidizi wako haikupoteza. Hapo hazikutani tena hata uzivute.

Vitambaa vyote vifuliwe kabla ya kukatwa, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke meupe. Kijivu na krimu za mteja wako hazitasamehe kitenge chekundu kinachochuja. Katikati, kwa joto la Dar, msijaze faiba nene kama mnamshonea mtu wa Njombe. Blanketi jepesi la pamba linatosha, na kuna wateja ambao ni bora usiwawekee kitu, pande mbili tu. Muulize pia nani anafua. Kama ni binti wa kazi kwa mkono na beseni, kwilti nzito ikilowa hataweza kuinyanyua, na itakaa chafu.

Kuhusu malipo: nusu kabla, na kabla ya nusu hiyo, kiraka kimoja cha mfano. Shona kiraka kimoja kamili, cha rangi zote, umpe aondoke nacho. Akiweke kitandani, akitazame asubuhi, akitazame usiku na taa zake. Mwambie asikujibu siku hiyohiyo. Kuna atakayekirudisha na kusema hapana, na umepoteza kiraka. Kuna atakayesema "ondoa hii nyeusi", na ana haki, iondoe bila kununa. Lakini akianza kukuelekeza mshono uende wapi, au akitaka vipande viwe vidogo kuliko kitambaa kinavyoruhusu, mkatalie. Rangi za chumba chake anazijua yeye. Kinachofumuka baada ya kufuliwa mara tatu unakijua wewe.

Na zipo kazi za kukataa moja kwa moja. Mtu akikuletea picha ya kwilti ya fundi mwingine na kusema "hivihivi, usibadilishe chochote", mpeleke kwa fundi huyo. Mtu akisema "fanya chochote, nakuamini", usifurahi. Huyo ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu ana picha kichwani na hajakuonyesha. Mwombe uende kwake kunywa chai.

Naona dada mratibu ananionyesha saa. Nimekuja na vipande kwenye lile begi pale mezani: kanga pande zote mbili, kitenge kilichokatwa inchi tatu na kilekile kimekatwa kumi na mbili, na kiraka kimoja cha mfano ambacho mteja amenirudishia jana akitaka nyeusi iondoke. Njooni mviguse, mpige na zile picha nyeusi na nyeupe, halafu tuchukue maswali. Aliye na swali kuhusu mama mkwe anifuate nje.